Kozi ya wiki nane kuhusu viongozi wa dini na haki: nyota nne kati ya tano

Huu ni mwaka wangu wa sita nikiwa katibu wa kamati ya haki na amani ya kanisa letu. Kazi yangu kubwa imekuwa kuandika matamko. Likitokea jambo, shehe, mchungaji na padri wanakutana, mimi naandaa rasimu, wanatia saini, picha inapigwa, tunaagana. Nilijiunga na kozi hii ya mtandaoni kwa sababu hiyo hasa: nilitaka kujifunza kuandika tamko lenye nguvu zaidi. Sikupata hilo. Nilipata kitu ambacho sikukiomba, na nashukuru.

Kila wiki kuna video ya kama saa moja, maandishi ya kusoma, kazi ya kufanya nje na kikao cha moja kwa moja na mwezeshaji. Tulikuwa kumi na wawili: Wakristo wa madhehebu tofauti, Waislamu, Wahindu wawili na Mbahai mmoja.

Wiki ya kwanza ni Selma, Marekani. Nilidhani naijua habari hiyo. Tarehe 7 Machi 1965 askari waliwapiga darajani waandamanaji Weusi waliodai haki ya kupiga kura, na Martin Luther King akawaita viongozi wa dini kutoka kila upande waje. James Reeb, mchungaji wa dhehebu la Waunitaria, alikuja kutoka Boston. Alipigwa na wabaguzi usiku wa tarehe 9, akafa siku mbili baadaye. Hata hivyo, tarehe 21 msafara uliondoka kwenda Montgomery, mji mkuu wa jimbo hilo la Alabama, na mstari wa mbele alikuwamo rabi (kiongozi wa dini ya Kiyahudi) Abraham Joshua Heschel, mtu ambaye mama yake na baadhi ya dada zake waliuawa na Wanazi. Baadaye alisema alihisi miguu yake inasali. Video haikuficha kwamba Weusi wa Selma wenyewe walikuwa wamehangaikia haki ya kura kwa miaka kabla ya wageni wenye majoho kufika. Hilo nimelipenda. Mara nyingi hadithi hizi husimuliwa kana kwamba haki ilishuka na mapadri.

Lakini wiki ya tatu ndiyo iliyonikalisha. Ni habari ya Gulu, kaskazini mwa Uganda, wakati wa vita vya LRA (Lord's Resistance Army), waasi waliokuwa wakiteka watoto. Kila jioni maelfu ya watoto walitoka vijijini wakaenda kulala mjini, kwenye varanda na vituo vya mabasi, ili wasitekwe. Viongozi wa Kikatoliki, Kianglikana, Kiorthodoksi na Kiislamu wa Acholi, eneo hilo la kaskazini, walikuwa tayari na umoja wao wa kutafuta amani, na walikuwa wameshapigania sheria ya msamaha iliyopitishwa mwaka 2000. Mwaka 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama na wenzake walibeba matandiko yao, wakaenda kulala nje na watoto wale, usiku baada ya usiku. Miongoni mwa viongozi wa umoja huo alikuwa Askofu Macleod Baker Ochola, ambaye mke wake aliuawa na bomu la ardhini mwaka 1997, naye akaendelea kuhubiri msamaha.

Niliizima video hapo. Nilikumbuka matamko yangu yote kuhusu watoto, na nikajiuliza ni usiku mmoja upi niliowahi kulala mahali wanapolala.

Kazi ya wiki iliyofuata ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: kabla hujaandika neno, kaa na watu watano wenye tatizo, mmoja mmoja, nusu saa kila mmoja, usikilize, usiahidi chochote. Wakati huo nilikuwa na rasimu mezani kuhusu wafanya usafi waliocheleweshewa mishahara miezi mitatu. Nikaenda na ustadhi mmoja wa kamati ya msikiti. Mama wa tatu tuliyemsikiliza alituambia, "Wanangu, mkitangaza leo, kesho sisi ndio tunafukuzwa. Tunataka mtu wa kukaa nasi tukienda ofisi ya kazi." Rasimu yangu ilikuwa inamtaja mwajiri katika mstari wa kwanza. Tuliiweka kando. Wiki mbili baadaye tulikwenda nao, ustadhi na kofia yake, mchungaji na kola yake, tukakaa kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi walipopokelewa.

Sasa niseme yaliyonikera. Wiki ya sita inahusu namna ya kuandika taarifa za pamoja na kuendesha mikutano na waandishi wa habari. Imepoa, ni ndefu, na inapingana na yote tuliyofundishwa kabla yake. Rekodi za vikao zinaondolewa baada ya siku saba; ukiugua, umekosa. Maandishi ya kusoma hayasomeki kwenye simu ndogo.

Kosa kubwa zaidi ni wanawake. Wanawake wa Liberia, Wakristo na Waislamu waliovaa nyeupe mwaka 2003 wakakaa barabarani kwenye jua na mvua wakidai amani, wakaenda mpaka Accra, Ghana, wakaziba milango ya ukumbi wa mazungumzo ya amani, walipewa dakika nne. Nilihesabu. Leymah Gbowee, Mlutheri aliyewaongoza na kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2011, alitajwa mara moja. Nilimuuliza mwezeshaji, akajibu kwamba kozi inahusu viongozi wa dini. Jibu hilo silikubali. Mama aliyeanza kwa kuwakusanya wenzake kanisani, kisha wakaunganishwa na wenzao wa msikitini, kama si kiongozi wa dini, basi tumeliweka neno hilo kwenye vazi tu. Waandaaji waongeze wiki nzima.

Pamoja na hayo, nitaipendekeza kwa yeyote aliye kwenye kamati kama yangu. Ila usijiunge peke yako. Tafuta mwenzako mmoja wa dini nyingine mjiunge pamoja, kwa sababu kazi za nje zinamtaka mtu wa kwenda naye, na kwenye kikundi chetu waliokuwa peke yao waliishia kuzifanya kwa simu.