Baiskeli ya kukodi Chake Chake, na fundi anayejua barabara zote

Nakuja Pemba mara nne kwa mwaka. Kazi yangu ni kutengeneza majokofu ya chanjo kwenye vituo vya afya: nashuka na boti Mkoani, gari ya kazi inanichukua hadi Chake Chake, na kwa siku nane au kumi nalala chumba cha wageni pamoja na sanduku langu la spana. Nyumbani kwangu Fuoni, Unguja, nina baiskeli ya resi. Jumapili asubuhi natoka nayo hadi Tunguu, na mwili ukikubali nafika Jozani. Lakini Pemba, kwa miaka mitatu mizima, niliijua kupitia kioo cha gari tu. Naviona vilima, nayaona mabonde ya mpunga yamelala baina yake, dereva anakwenda mbio, mara tumeshafika kituoni na jokofu linasoma nyuzi 14 wakati chanjo inataka baina ya 2 na 8.

Kuvuka na baiskeli yangu nilijaribu mara moja. Ilifika na kile kidude cha gia cha nyuma kimepinda, kimelaliwa na magunia njia nzima. Sikurudia tena.

Basi Agosti iliyopita nesi mmoja wa Wete akaniambia yupo fundi Chake, si mbali na soko, anakodisha baiskeli kwa siku. Nikaenda alasiri nilipotoka kazini. Banda la bati, turubai mbele, baiskeli tisa zimeegemezwa ukutani, nyingi mitumba ya Japani zenye keria na kapu, na tatu za gia zenye tairi nyembamba kidogo. Fundi ni mtu mzima wa makamo ya baba yangu, kofia ya kiua kichwani, mikono myeusi kwa grisi. Nikamwamkia shikamoo ami, akaitika, akanivutia kibao nikae.

Hakuanza na bei. Aliniuliza, "Unatoka saa ngapi, na kazini unatakiwa saa ngapi?" Nikamwambia nataka kutoka kukipambazuka, saa mbili niwe kazini nimeshaoga. Akauliza tena, "Umezoea kupanda baiskeli wapi?" Unguja, nikasema. Akatikisa kichwa. "Huko kwenu ni meza. Huku ni mbatata." Kisha ndipo akasimama kunichagulia baiskeli.

Jambo lililonifanya nimwamini ni gurudumu. Aliigeuza baiskeli chini juu, akalizungusha la nyuma, akainama kulitazama kwa jicho moja. Lilikuwa linayumba kidogo mno, mtu mwengine angelipitisha. Akachukua kipande cha chaki, akakishika tuli karibu na rimu huku gurudumu linazunguka, mpaka chaki ikaacha alama ndogo nyeupe pale rimu ilipotokeza. Akakaza spoki mbili za upande wa pili, robo mzunguko kila moja, akafuta, akazungusha, akaweka chaki tena. Alirudia mara nne. Mara ya mwisho chaki ikachora mstari mmoja mwembamba kuzunguka rimu yote, akaridhika. Mimi mwenyewe ni fundi, nimeona watu wengi wakikaza vitu kwa hasira. Huyu anakaza kwa kusikiliza.

Bei ni shilingi 15,000 kutwa, na 10,000 ukitoka alfajiri ukairudisha kabla ya adhuhuri. Alitaka kuweka kitambulisho changu, nikamweleza nitakihitaji kwenye boti, akakubali kupiga picha kwa simu na namba ya nilipofikia. Mkiwa wawili anapunguza.

Asubuhi ya kwanza alinielekeza Wesha. Ni njia fupi, haifiki kilomita 10 kwenda, nayo inashuka kidogo kidogo mpaka bandarini. Unapita karibu na kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na wakiwa wanachemsha harufu inakukamata koo kabla hujaliona bomba la moshi. Mbele yake ni mikoko, maji yametulia, na wavuvi wanapakia vyombo kwa ajili ya dago, yaani kambi ya uvuvi, la kisiwa cha Misali. Nilikunywa kahawa chungu kwa mzee mmoja pale, nikarudi, na saa mbili kasorobo nilikuwa nimeshaoga. Kurudi ndiko kupanda, na hapo nikafahamu kwa nini aliniuliza habari ya Unguja.

Asubuhi ya pili sikumsikiliza, na hili nalisema kwa sababu wengi wetu tunaosafiri kikazi ndivyo tunavyofanya. Nina programu ya ramani kwenye simu, inachora njia za baiskeli. Nikaiambia inipeleke mashariki na kunirudisha. Ikachora mstari mzuri wa duara. Dakika 40 za mwanzo zilikwenda vyema, kisha lami ikawa kifusi, kifusi kikawa kichochoro cha ng'ombe, na mwisho nikasimama kwenye ukingo wa bonde la mpunga lenye maji ya magotini. Simu inaonyesha njia inaendelea. Bibi mmoja aliyekuwa anapalilia akaniuliza nakwenda wapi, nikamwonyesha upande wa pili. "Mwanangu, hapo tunapita sisi, na sisi hatubebi chuma." Nikaibeba baiskeli begani, nikavuka, matope mpaka kwenye cheni. Kazini nilifika nimechelewa nusu saa, na mkuu wa kituo alikuwa amenisubiri na chanjo kwenye makasha ya barafu.

Fundi alipoiona cheni hakuniteta. Aliiosha kwa mafuta ya taa na mswaki, akaniambia kitu ambacho ndiyo sababu ya kuandika haya. Barabara za Pemba zinajengwa na kukarabatiwa wakati huu, leo kipande hiki ni lami, kesho kimechimbwa, na baada ya mvua kuna vijia vinavyopotea kabisa. Kwa hivyo kila jioni anapofunga banda anakaa barazani na madereva wa daladala, anawauliza wapi pamechimbwa, wapi pana vumbi, wapi lori za kifusi zinapita na saa ngapi. Hiyo ndiyo ramani yake. Anakuchorea nyuma ya karatasi ya kalenda, kwa kalamu ya risasi, na anaweka alama za vitu ambavyo macho yako yatavitambua: mwembe mkubwa, skuli yenye bati la buluu, msikiti, duka la mtu anayeuza mandazi ya moto. Kilomita haandiki. Anaandika "hapa gia ndogo" na "hapa usifunge breki ya mbele, pana changarawe".

Kwa karatasi yake nilikwenda barabara ya kale ya kuelekea Wete. Hii ndiyo njia niliyokuwa naiota kwenye gari. Barabara inajipinda, inapanda, inashuka, mikarafuu inakuziba juu, halafu ghafla upande mmoja unafunguka unaona bonde zima la kijani na minazi kwa mbali. Waarabu wa zamani waliipa Pemba jina la Kisiwa cha Kijani, na jina hilo hulifahamu mpaka uende pole pole. Agosti ni msimu wa karafuu. Kando ya lami watu wametandaza majamvi na mikeka, karafuu za kijani na wekundu upande huu, zilizokwisha kupigwa na jua siku nne tano upande ule, zimekuwa kahawia iliyokolea. Jamani, musizipitie juu na tairi. Nimemwona kijana mmoja mgeni akikata kona juu ya mkeka wa watu, nikaona haya kwa niaba yake. Hizo ni ada za skuli na mabati ya nyumba. Zunguka hata kama nyuma yako kuna gari inapiga honi.

Katika njia hiyo alinichorea mchepuko wa Kidike. Hapo ndipo wanapolala mchana popo wa Pemba, wale wakubwa ambao hawapatikani popote duniani ila kisiwa hiki. Zamani waliwindwa wakakaribia kumalizika, sasa wanakijiji wenyewe wanawalinda na wanachukua kiingilio. Wamening'inia mitini kwa mamia, wamejifunika mbawa kama watu waliojitanda kanga, mmoja akijinyoosha unaona mbawa zinakaribia mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha. Nilikaa robo saa tu kwa sababu ya kazi. Ningekuwa na siku ya mapumziko ningekaa mpaka jua lizame niwaone wakiruka.

Pujini nitaieleza kwa ufupi: ni njia nyepesi, vilima vichache, unafika kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba, unarudi. Nzuri kwa asubuhi ambayo miguu inauma.

Siku kubwa ilikuwa Jumamosi, na hapo fundi alionyesha ujuzi na pia aliponzwa na kitu kidogo. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini, kwa hivyo ukitoka Chake kwenda kaskazini unasukumwa, lakini kurudi unakula upepo usoni na miguu imeshachoka. Alinishauri nipande daladala ya Konde, baiskeli juu kwenye keria, nianzie kule na nimalizie kule, jioni nirudi vile vile kwa gari. Aliifunga mwenyewe kwa mpira wa tyubu kuukuu, akamwambia utingo asiweke fenesi juu yake.

Kutoka Konde kuna mwendo mfupi, kisha unaingia Msitu wa Ngezi. Sijui niwaelezeje. Umetoka kwenye jua la saa tatu, na katika mizunguko kumi ya pedeli hewa inapoa kama umefungua mlango wa jokofu, na ninalisema hilo nikiwa mtu wa majokofu. Mivule mirefu, mizizi imekaa nje ya ardhi kama kuta, mpapindi baina yake, ule mti mwembamba wa Pemba wa jamii ya mnazi. Sauti ya tairi ndiyo pekee unayoisikia, pamoja na ndege. Simama kwenye kituo cha walinzi wa msitu, amkia, jiandikishe. Ni adabu na pia wanajua njia.

Baada ya msitu ni Makangale, na hapo unachagua: kulia kwenda ufukwe wa Vumawimbi kwa njia ya mchanga, au moja kwa moja hadi mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Nilichagua Vumawimbi kwanza, na kwenye mchanga nikachomwa na mwiba. Pancha. Tyubu ya akiba nilipewa, pampu nilipewa, lakini tyubu ilikuwa na valvu nyembamba na pampu ni ya valvu nene kama ya gari. Havikutani. Nilisukuma baiskeli zaidi ya saa moja mpaka Makangale, nikapata kijana aliyeitia kiraka tyubu ya zamani na kuijaza kwa pampu yake. Hakutaka pesa, nikamlazimisha achukue ya soda. Mnara niliuona kwa mbali tu, mweupe, na nyuma yake mkondo wa Pemba umekoza buluu. Siku ikawa imeisha.

Nilimrudishia fundi baiskeli na nikamwambia kosa lake wazi wazi. Akakaa kimya, akaenda ndani, akatoka na kichwa kidogo cha shaba, kile kinachoskurubiwa juu ya valvu nyembamba ili pampu nene ishike. Akakitia kwenye tyubu ile, kisha akapekua mifuko yote ya akiba mbele yangu, moja moja, na kwenye miwili zaidi akakuta kasoro ile ile. Pesa ya siku ile hakuipokea.

Malalamiko mengine ninayo. Viti vya zile baiskeli za gia ni vigumu, njoo na suruali yenye sponji na uvae kitu kirefu juu yake, unapita mbele ya misikiti na madrasa. Kofia ngumu hana hata moja, yangu naibeba kutoka nyumbani. Taa ya nyuma moja kati ya tatu ndiyo inawaka. Ijumaa anafunga tangu saa tano mpaka baada ya alasiri, kwa hivyo ukitaka ya Jumamosi alfajiri panga mapema siku ya kuichukua. Wanawake wasisite: yule nesi wa Wete alipewa ya fremu ya chini yenye kifuniko cha cheni, baibui lake halikunasa, na tulikwenda Wesha pamoja na mumewe Jumapili asubuhi.

Safari yangu ijayo ni Novemba, mvua za vuli zitakuwa zimeanza. Tyubu mbili za valvu nene nimeshamwachia fundi, zimeandikwa jina langu kwa kalamu nyeupe na kutundikwa msumarini nyuma ya mlango. Ameniambia nimpigie siku mbili kabla ya boti, awaulize madereva kama Kigomasha panapitika.