CBCT ya meno: mashine safi, bahasha ndiyo tatizo

Nyota tatu kwa kituo hiki cha kupiga picha za meno. Mashine yao ya CBCT, eksirei inayozunguka kichwa na kutoa picha ya pande tatu (3D), ilistahili tano.

Mimi natibu meno, na kinachonila muda kuliko vyote ni kusafisha mizizi ya gego la kwanza la juu. Kwa kawaida lina mizizi mitatu, lakini ule wa mbele upande wa shavu mara nyingi una mifereji miwili (vijia vya neva ndani ya mzizi), na wa pili ni mwembamba, umefunikwa na dentini, ile tishu ngumu ya ndani ya jino. Ukiachwa na uchafu wake, mgonjwa anarudi: "Dokta, nikitafuna bado linauma." Eksirei ya kawaida haisaidii sana hapo, maana inalaza mifereji yote bapa, mmoja juu ya mwenzake. Mgonjwa wa hivyo namwandikia CBCT.

Wahudumu wa kituo hiki (jina nalihifadhi) wanaijua kazi. Mama niliyemtuma karibuni alivuliwa hereni na miwani, akawekwa kidevu kwenye kishikizo, akang'ata kijiti cha plastiki, mashine ikamzunguka kichwa, basi. Niliomba eneo la sentimita 5 kwa 5 tu, hawakubisha. Eneo dogo ni mionzi pungufu na picha kali zaidi. Wapo wanaopiga taya zote mbili kwa sababu ya jino moja, ati bei ni ileile!

Sasa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya kung'aa yenye vipande sita vya picha, kila kimoja mkato mmoja wa jino, na ripoti ya mstari mmoja: "Hakuna tatizo kubwa." Vipande sita nivifanyie nini? Mfereji hutafutwa kwa kushuka kipande kimoja kimoja, kutoka sakafu ya chumba cha jino hadi ncha ya mzizi, ukitazama nukta moja ikigawanyika mbili, pengine zikaungana tena huko mbele. Nikadai faili zenyewe za DICOM, yaani picha kamili za kufungua kwenye kompyuta, zenye vipande vyote. Wakataka flashi mpya, kisha "njoo kesho". Nilipozifungua, mfereji wa pili huo hapo, upande wa kaakaa, haujaguswa kabisa.

Ila msitarajie makubwa kwenye jino lenye krauni (kofia) ya chuma: picha inajaa michirizi myeupe na myeusi, na mstari mweusi unaweza kukudanganya kuwa ni ufa. Na jino la mbele la mzizi mmoja, lisilo na utata, eksirei ya kawaida inalitosha. Mhurumieni mgonjwa hela yake.

Nitaendelea kuwatuma hapo. Kwenye fomu sasa naandika kwa herufi kubwa: FAILI, SI KARATASI.