Injini ya kushoto na pangaboi la zawadi: uzoefu wangu

Sina kawaida ya kulalamika mtandaoni, ila hili limenikaa rohoni.

Mwaka jana hivi nilinunua injini ya boti ya mtumba, hosipawa 115, kwenye duka moja hapa Mwanza mjini. Hakuna aliyenieleza kwamba pangaboi lake, zile panga zinazozunguka majini kusukuma boti, linazunguka kushoto. Injini za namna hiyo hutengenezwa zifungwe mbili mbili, moja izunguke kulia na mwenzake kushoto, mvuto wa hii uuawe na wa ile. Mimi niliuziwa pacha mmoja.

Boti yangu ina injini moja. Nahodha alikuwa analalamika kila safari kwamba usukani unamvuta kushoto na boti inalalia kulia, upande ule ule anaokaa yeye. Nikadhani ni uvivu. Fundi mmoja wa Igombe ndiye aliyegundua. Akageuza kile kipezi kidogo kilicho nyuma, juu ya pangaboi, magunia tukayahamishia kushoto, basi. Mafuta ni yale yale, mwendo ni ule ule. Kwa hilo siisingizii.

Kilichoniunguza ni pangaboi la akiba. Muuzaji alinipa moja bure, "zawadi, mama", nikamshukuru na kumwombea dua. Siku moja tunatoka kisiwa cha Kome na abiria tisa, tukagonga mwamba karibu na ufukwe, panga mbili kati ya tatu zikapinda. Nahodha akashuka, maji kifuani, akafunga lile la zawadi. Akawasha, akaingiza gia ya mbele. Boti ikarudi nyuma! Moja kwa moja kwenye mwamba ule ule, maji yakaingia tezini, kule nyuma ya boti. Mama mmoja mwenye kichanga alinishika kanga. Hakupiga kelele, alinishika tu. Tukazima, tukapiga kafi mpaka nchi kavu.

Kumbe lile lilikuwa la kulia, likizungushwa kushoto linasukuma kinyume. La kushoto mara nyingi limegongwa herufi L kwenye kitovu chake. Hili halikuwa nayo, na nani aliniambia niangalie?

Kesho yake nikalibeba dukani. Yule kijana aliyeniuzia hata macho hakuyainua kwenye simu. "Mama, boti si sufuria. Mwambie nahodha atumie rivasi, itaenda mbele." Mbele ya wateja! Biashara hii niliachiwa na marehemu mume wangu, watoto wanne wamesomeshwa na boti, leo mtoto wa umri wa kitinda mimba wangu ananitajia sufuria. Na ushauri wenyewe ni wa kuua injini. Beringi za gia zimepangwa zibebe msukumo mkubwa wa kwenda mbele. Ukishinda kwenye rivasi, unazimaliza.

La kushoto Mwanza sikulipata, nikaagiza Dar es Salaam. Boti ikakaa imefungwa wiki tatu hivi, nahodha na familia yake wananitazama mimi.

Nilianza kuandika nikitaka kusema msiinunue kabisa. Hapana, injini ni nzima. Ukiipata kwa bei nzuri, una akiba ya kushoto mkononi na fundi anayeijua, ichukue. Lakini nikimkumbuka yule mama na kichanga chake, basi, mimi siinunui tena, wala mwanangu simruhusu.

Pangaboi la zawadi lipo nyuma ya mlango wangu. Sijaliuza. Nataka aje alichukue mwenyewe, aniangalie usoni.