Fundi aliyeulaumu mkono wangu badala ya kufungua saa

Nilijiambia niache hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Saa yangu ni ya otomatiki, isiyotumia betri: springi ya ndani ndiyo inayoiendesha, na hujazwa na mwendo wa mkono wa aliyeivaa. Sifa zake mtazisoma popote, mimi nina moja tu la kusema. Ilianza kusimama usiku. Naivaa kutwa, natembea, nafanya kazi, usiku naiweka mezani, alfajiri nakuta imekufa. Mwanzoni ilitokea mara moja moja, baadaye ikawa ndiyo tabia yake. Mitambo mingi ya aina hii ikishajaa hwenda karibu saa 40 ikiwa imelala tu, na mipya mingine hufika hata 80. Saa iliyoshinda mkononi haiwezi kufa kabla hakujakucha bila sababu.

Kabla ya kumwona fundi nilifanya jaribio ambalo mtu yeyote analiweza. Niliitia ufunguo kwa kuzungusha kile kichwa cha pembeni hadi nikaamini imejaa, nikaiacha bila kuigusa. Ikaenda muda wake wote, ikapitiliza kidogo. Maana yake springi ni nzima na gia za kuonyesha wakati ni nzima. Ubovu uko kwenye sehemu inayoijaza springi mvaaji anapotembea.

Palikuwa na dalili nyingine, na hiyo ndiyo inayonipandisha damu hadi leo. Nilipokuwa nikizungusha kichwa, nilisikia mgongo wa saa ukitetema. Ilikuwa rota inazunguka yenyewe kwa kasi. Rota ni kile chuma kizito cha nusu duara kinachobembea mkono unaposogea, na chenyewe ndicho kinachotakiwa kuisukuma springi. Kichwa hakitakiwi kukizungusha. Kikizunguka hivyo, jambo la kwanza la kutazama ni gia za kugeuzia, zile ndogo zinazopokea mzunguko wa rota wa kulia na wa kushoto na kuupeleka upande mmoja. Ndani yake mna vikucha vidogo mno vinavyopaswa kuanguka na kuinuka kwa uhuru. Vikiganda, rota inazunguka bure na springi haipati kitu.

Haya yote nilimweleza fundi wa karakana niliyoelekezwa na walioniuzia saa. Hakuifungua. Aliitikisa sikioni, akanitazama toka juu hadi chini, akasema mbele ya wateja wengine: "Kaka, saa haina tatizo. Mkono wako ndio mvivu. Watu wa kukaa kama wewe wavae za betri."

Walicheka. Mimi sikucheka. Ni kweli mtu asiyesogea kabisa anaweza kushindwa kuijaza saa ya otomatiki, hilo sikatai. Lakini mkono mvivu hauifanyi rota izunguke ninapotia ufunguo! Nilimwambia hivyo, akasema ataifanyia sevisi "ili niridhike". Ikakaa kwake wiki kadhaa. Niliporudishiwa nililipa, maana eti waranti haihusu "matumizi hafifu", na saa ikawa mbovu kuliko nilivyoipeleka.

Nikaapa kumwonya kila mtu asiinunue saa hii. Rasimu ya maoni hayo niliiandika kabisa, kali kweli kweli.

Kisha nikampata mama mmoja fundi, mtu mzima, hana haraka wala maneno mengi. Swali lake la kwanza: "Mwanangu, ukiitia ufunguo unasikia nini mgongoni?" Nilitamani kumkumbatia. Aliifungua mbele yangu. Alinionyesha mfuniko kwa ndani, hauna mkwaruzo wa duara, kwa hiyo rota haijalegea kwenye beringi yake hata ikasugua. Halafu akazitoa gia za kugeuzia, akanipa lenzi nitazame mwenyewe. Zilikuwa zimelowa oili nzito. Oili mpya! Yule bwana wa mkono mvivu alikuwa amezipaka mafuta mahali pasipotaka mafuta ya namna hiyo, na vikucha vikanata zaidi. Mama akazisafisha, akazikausha, akazichovya kwenye kimiminika maalumu kinachokauka na kuacha utando mwembamba sana wa kilainishi. Alipoirudisha na kuzungusha kichwa, rota ilitulia tuli.

Tangu hapo haijasimama usiku hata mara moja. Mkono ni ule ule, kiti ni kile kile.

Kwa hiyo maoni yale makali nimeyafuta. Saa ni nzuri, naipenda, na ningeinunua tena. Au niseme hivi: ningeinunua kwa mtu mwingine. Maana nilipowarudia wauzaji niwaeleze kilichoonekana ndani, hawakuuliza habari za oili. Walichouliza ni nani kaifungua saa nje ya karakana yao, wakasema waranti sasa imekufa. Waranti ipi? Ile iliyokataa kunihudumia ilipokuwa hai? Ukitaka saa hii, uliza kwanza nani ataifungua siku ikiharibika, na kama jibu ni karakana yao peke yake, usitoe pesa.

Mimi yangu inakwenda. Pesa ya sevisi ile bado naidai, na risiti ninayo.