Picha za Landsat ni bure, ila usizitumie mbichi

Serikali ya Marekani imekuwa ikipiga picha nchi kavu ya dunia nzima kwa setilaiti za Landsat tangu Julai 1972. NASA huziunda na kuzirusha, Shirika la Jiolojia la Marekani (USGS) huziendesha na kutunza picha. Kwa anayefuatilia misitu, maziwa au miji inavyotanuka, hakuna hifadhi nyingine yenye mfululizo mrefu kiasi hicho, na mtu yeyote anapakua bila kulipa senti.

Haikuwa hivyo siku zote. Sheria ya 1984 ilikabidhi biashara ya picha kwa kampuni binafsi, bei ikapanda hadi kama dola 4,400 kwa picha moja. Mtafiti alinunua mbili tatu, akajenga hoja nzima juu yake. Sheria ya 1992 ikairudisha kazi serikalini, picha za Landsat 7 zikauzwa dola 600, na mwaka 2008 bei ikafutwa kabisa. Mitambo angani ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba sasa unachukua picha 300 za eneo moja, unatupa zenye mawingu, na bado unabaki na za kutosha kuona mwaka ulivyokwenda.

Landsat 8 na 9 kila moja hurudi palepale baada ya siku 16, zikipishana kwa siku 8. Pikseli, yaani nukta moja ya picha, ni mita 30 kila upande: shamba kubwa linaonekana, bustani ya nyuma ya nyumba haionekani. Faili la joto nalo linajitangaza kuwa la mita 30, lakini kihisi chenyewe hupima kwa mita 100. Usilitumie kulinganisha paa na paa.

Kupakua ni kupitia EarthExplorer, ukurasa wenye sura ya kizamani lakini usiosumbua. Fungua akaunti, chora eneo, chagua Collection 2 Level-2, yaani picha ambazo athari za hewa zimeshaondolewa. Angalia kichujio cha mawingu: asilimia ile ni ya picha nzima, yenye upana wa kilomita 185. Picha yenye mawingu 60% inaweza kuwa safi kabisa juu ya eneo lako, kwa hiyo usikaze kichujio kupita kiasi.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kutumia namba za faili kama zilivyo. Kila thamani ya bendi za mwanga (bendi ni faili la aina moja ya mwanga) izidishe kwa 0.0000275, kisha utoe 0.2. Chukua pikseli yenye 10000 kwenye bendi 4 (nyekundu) na 20000 kwenye bendi 5 (infraredi, mwanga usioonekana kwa macho). Ukizitumia mbichi, kipimo cha ukijani, NDVI (infraredi toa nyekundu, gawanya kwa jumla yake), kinatoka 0.33, utasema mimea imedhoofika. Ukizibadilisha kwanza unapata 0.075 na 0.35, na NDVI inakuwa 0.65, yaani mimea iliyostawi. Wengi hudhani kwa kuwa NDVI ni uwiano, marekebisho yatajifuta yenyewe. Kizidishio kinajifuta, ile 0.2 haijifuti. Na ukirudi kwenye Landsat 5 au 7, nyekundu ni bendi 3 na infraredi ni bendi 4. Msimbo uleule wa kompyuta ulioandikia Landsat 8 utakupa majibu bila kulalamika, majibu ya uongo.

Mawingu yaondoe kwa faili la QA_PIXEL, linaloeleza kila pikseli ina nini. Kwa Landsat 8 na 9, thamani 21824 ni nchi kavu isiyo na wingu, 21952 ni maji safi. Kwenye theluji au mchanga mweupe sana faili hilo huchanganya mambo, hapo tazama kwa macho.

Picha za Landsat 7 za baada ya Mei 31, 2003 zina michirizi mitupu, kwani kifaa cha kunyoosha mistari kiliharibika na kama 22% ya kila picha imepotea. Michirizi hupanuka kuelekea kingo. Katikati, ukanda wa kama kilomita 22, karibu kila kitu kipo. Eneo lako likiangukia hapo, picha hiyo haina haja ya kutupwa.