Metro, mabasi na abra za Dubai: uzoefu wangu kama mgeni anayefuata mzigo

Mfanyabiashara anayetoka Kariakoo kwenda Dubai kufuata mzigo huwa amekwisha kupiga hesabu ya tiketi ya ndege, chumba na kargo, lakini nauli za mjini mara nyingi hazimo katika hesabu hiyo, na matokeo yake teksi humla fedha ambayo ingetosha kuongeza pisi kadhaa za nguo. Mimi hununua vitambaa na mabaibui Deira, mtaa wa masoko wa huko Dubai, na katika safari zangu za karibuni nimetegemea zaidi usafiri wa umma: Metro, yaani treni za mjini, mabasi na abra, boti za kuvushia watu. Ninamwandikia hasa anayekwenda kwa mara ya kwanza, asiyejua Kiarabu na asiyejiamini kwa Kiingereza, kwa kuwa naamini huyo ndiye anayefaidika nao kuliko wote.

Kinachonifanya niusifu ni kwamba ugeni wako hauongezi bei. Hakuna wa kupatana naye, na nauli ni ileile kwa mwenyeji na kwa aliyeshuka kwenye ndege asubuhi hiyo. Mji umegawanywa katika kanda 7: kwa kadi ya Nol, ambayo ndiyo ya kulipia nauli, ile ya kawaida ya rangi ya fedha, safari ya ndani ya kanda moja ni dirham 3, ya kanda mbili zinazopakana ni dirham 5, na zaidi ya hapo ni dirham 7.5, hata ukienda hadi mwisho wa reli. Kadi yenyewe huuzwa dirham 25, na dirham 19 kati ya hizo ni salio lako la kuanzia safari. Linganisha na teksi ya uwanja wa ndege, ambayo mita yake huanzia dirham 25 kabla gari halijaondoka, wakati Metro ina vituo vyake kwenye majengo ya abiria ya uwanja huo, Terminal 1 na Terminal 3, na njia hiyo ya reli, iitwayo Nyekundu, inakufikisha kituo cha Union, katikati ya Deira.

Unapotoka kituoni unagusisha kadi kwenye geti, na kioo kidogo kinakuonyesha ulichokatwa na salio lililobaki. Nashauri usome tarakimu hizo kila mara, maana ndizo zitakazokufundisha kanda haraka kuliko ramani yoyote. Kwenye basi hakuna konda: unagusisha kadi unapopanda na tena unaposhuka, na abiria aliyezoea daladala, ambako nauli ikishalipwa imekwisha, anapaswa kulizingatia sana hili la kushuka. Ukitoka kwenye treni na kupanda basi ndani ya dakika 30, safari huhesabiwa kuwa moja, na hapo ndipo mtu mwenye maduka mengi ya kuzungukia anapookoa fedha kwelikweli.

Treni zenyewe, zilizoanza kazi tarehe 9 Septemba 2009, hazina dereva. Majina ya vituo huandikwa na kutangazwa kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, hivyo hata asiyeelewa tangazo anaweza kufuatilia jina moja tu la kituo chake. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake, sehemu ya behewa iliyotengwa kwa wanawake na watoto ni neema kubwa, hasa jioni watu wanapotoka kazini na mabehewa mengine kujaa pomoni. Wanaume wajue kwamba kuingia humo kuna faini. Kula, kunywa na kutafuna chingamu ndani ya treni au kituoni pia kuna faini ya dirham 100, kwa hiyo chupa ya maji ibaki mkobani.

Lakini kama ningeambiwa nichague chombo kimoja tu, ningechagua abra, ile boti ya mbao inayovusha watu hori, ule mkono wa bahari ulio kati ya Deira na mtaa wa Bur Dubai, kwa dirham 1. Haina kusubiri ratiba, ikishajaa inaondoka. Abiria huketi kwenye benchi la katikati wakipeana migongo, nyuso zikielekea majini, na nahodha husimama kwenye shimo lake katikati yao akikusanya sarafu huku akiendesha. Weka sarafu tayari mkononi, na mfuko wa mzigo uweke miguuni, kwa sababu pembeni hakuna ukingo wa kuuzuia. Anayetoka soko la viungo la Deira kwenda kwenye maduka ya vitambaa ya Bur Dubai hana sababu ya kuzunguka kwa gari.

Upungufu upo, na kwa mfanyabiashara si mdogo. Metro hupumzika usiku, na Jumapili treni huanza saa 2 asubuhi badala ya saa 11 alfajiri, hivyo mwenye ndege ya alfajiri bado atahitaji teksi. Anayeshukia Terminal 2 hatakuta kituo cha Metro hapo. Mizigo ndani ya treni inaruhusiwa mabegi mawili tu, moja kubwa na moja dogo, kwa hiyo maboksi na marobota yaende moja kwa moja kwa wakala wa kargo kutoka dukani, nawe urudi na mkoba wako. Sikubaliani na wanaosema kwamba sharti hili linawaonea wafanyabiashara. Behewa lililojaa watu wa kazini haliwezi kuwa stoo.

Kinachoniudhi zaidi ni Dragon Mart, soko kubwa la bidhaa za China, ambako wengi wetu hufuata vyombo vya nyumbani na vifaa vya ujenzi, kwa kuwa reli haifiki. Unashuka Metro na kumalizia kwa basi, na mchana wa Julai hata hatua chache za kwenda kituoni huchosha. Njia ya Bluu, njia mpya ya Metro ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2025, imepangwa kupita mtaa wa International City, jirani kabisa na Dragon Mart, na kufunguliwa tarehe 9 Septemba 2029. Hadi wakati huo, nenda huko asubuhi mapema kabla jua halijakuwa kali.