Choya ya Kariakoo: naipenda, ila vidonge sijaacha

Nina presha tangu 2019, na kila usiku nameza amlodipini ya miligramu 5. Mwezi uliopita nilinunua choya kavu, yale maua ya rozela ya kutengenezea kinywaji, yanayosifiwa kushusha presha, kwenye kibanda kimoja Kariakoo, nusu kilo shilingi 6,000. Maua ni safi, mekundu sana, hayana mchanga wala vijiti, na rangi inatoka mara tu yakiguswa na maji ya moto. Ukali wake ndio shughuli! Bila tangawizi na maganda ya nanasi, kikombe hakimaliziki.

Aliyenikera ni muuzaji. “Mama, kunywa wiki mbili tu, vidonge utatupa.” Nikamjibu, mwanangu, dada yangu alivitupa, akaamka mdomo umepinda. Akahamia kunisifia unga wa kitunguu saumu kwenye kopo lisilo na lebo. Sikuuchukua.

Nyumbani napima kila asubuhi: nilianza na 148/92, sasa nacheza kwenye 138/86. Ila chumvi ya mezani nayo niliiondoa wiki ile ile, kwa hiyo sifa zote siipi choya. Daktari kaniruhusu kikombe kimoja kwa siku, niendelee kupima isije ikashuka mno. Maua nitanunua tena, masikio nimeziba.